Mafua, Sainasi na Mzio: Namna ya Kujua Wakati wa Kumwona Daktari

Mtu anayeamka akiwa na pua iliyoziba, uso mzito na kichwa kinachogonga hujiuliza kama hali hiyo itapita yenyewe au kama atafute matibabu siku hiyo hiyo. Mara nyingi sana hupita yenyewe. Hata hivyo, miongoni mwa wengi wanaopona wakiwa nyumbani wamo wachache ambao ugonjwa wao umetoka puani na kuelekea jichoni, kifuani au kwenye utando wa ubongo, na hao wakicheleweshwa hata kwa siku moja wanaweza kupata madhara ya kudumu. Kwa sababu hiyo nimezipanga hatua za mwongozo huu kwa kuanza na dalili zisizosubiri, kisha zikafuata zile ambazo mgonjwa anaweza kuzifuatilia kwa utulivu akiwa na kalenda karibu yake. Ikiwa unasoma kwa sababu wewe au mtoto wako anaumwa sasa hivi, usiiruke hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza dalili za hatari

Kabla ya kujiuliza kama ni mafua au ni mzio, chunguza kama ipo dalili yoyote kati ya zinazoelezwa hapa. Ikiwepo hata moja, nenda kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, iwe usiku au mchana.

Anza na upumuaji. Mzio wa kawaida wa pua hauvimbishi ulimi wala haubani koo. Ikiwa muda mfupi baada ya kula chakula fulani, kudungwa na nyuki au kumeza dawa mtu anavimba midomo, ulimi au koo, sauti inabadilika ghafla, kifua kinatoa mlio kama wa filimbi, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, anatapika au anaishiwa nguvu kana kwamba atazimia, huo ni mzio mkali wa mwili mzima, nao unaweza kuua katika muda wa dakika chache. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Aliyeandikiwa sindano ya kujidunga aitumie mara moja bila kungoja hali izidi kuwa mbaya, na asipopata nafuu baada ya dakika 5 apewe ya pili ikiwa anayo. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri akae akiwa ameegemea, na akitapika au akipoteza fahamu mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Vidonge vya mzio havichukui nafasi ya adrenalini hata kidogo, na hata mgonjwa akipata nafuu kamili ni lazima apelekwe hospitali, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kisha tazama macho. Sainasi ni vishimo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso: vipo jozi nne, kwenye mashavu, juu ya nyusi, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Ukuta wa mfupa unaovitenganisha vile vya kati na jicho ni mwembamba kama karatasi, na ndiyo maana maambukizi huweza kuupenya, hasa kwa watoto. Mara nyingi huanza hivi: mtoto aliyekuwa na mafua kwa siku kadhaa anaamka asubuhi kope la jicho moja likiwa limevimba na kuwa jekundu, wakati jingine liko salama. Mkalishe penye mwanga, mshike kidevu taratibu ili asigeuze kichwa, na umwombe afuatishe kidole chako kwa macho kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Akilalamika maumivu jicho linapogeuka, jicho likishindwa kufika pale mwenzake anapofika, likiwa limetokeza mbele, au akisema anaona kitu kimoja kama viwili au anaona ukungu, hiyo ni dharura. Hata kama jicho linageuka bila shida, kope lililovimba upande mmoja kwa mtu mwenye mafua au homa linatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Macho ya mzio huwa tofauti: kwa kawaida yote mawili huwasha, hutoa machozi na kuvimba kidogo, na mgonjwa hutamani kuyasugua.

Jambo la tatu ni kichwa na shingo. Maumivu makali ya kichwa yasiyofanana na aliyowahi kuyapata mgonjwa, shingo iliyokakamaa kiasi kwamba kidevu hakigusi kifua, macho kushindwa kuvumilia mwanga, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dalili kwamba maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye utando wa ubongo au ndani ya ubongo wenyewe. Uvimbe laini unaojitokeza kwenye paji la uso nao ni wa dharura, hata kama mgonjwa anatembea na kuzungumza vizuri, kwa kuwa unaweza kumaanisha kwamba mfupa wa paji umeambukizwa.

Kwa mtoto mdogo, hesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, weka saa mbele yako na uhesabu kila mara kifua au tumbo linapoinuka, kwa dakika nzima, kwa sababu watoto hupumua kwa mwendo usio sawa na nusu dakika inaweza kukudanganya. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni za haraka kupita kiasi. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usingoje kumaliza kuhesabu. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi anahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa, hata kama kwa macho yako ana kamasi tu.

Hatua ya 2: Tambua ni hali ipi inayokusumbua

Ukishahakikisha kwamba hakuna dalili ya hatari, unaweza kutulia na kutofautisha. Kipimo changu cha kwanza ni muwasho. Mzio hutokea pale mwili unapokipokea kitu kisicho na madhara, kama vile chavua, vumbi la nyumbani lenye wadudu wasioonekana kwa macho, manyoya ya wanyama au kuvu, kana kwamba ni adui, kisha ukamwaga kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo ndiyo inayowasha pua, macho na kaakaa, inayoleta chafya mfululizo na kamasi jepesi kama maji. Mzio hauleti homa. Watoto wenye mzio husugua pua kwa kiganja kuelekea juu mara nyingi kwa siku, hata baadhi yao hutokewa na mstari mdogo unaokatiza juu ya pua, karibu na ncha.

Mafua ya virusi huanza na koo linalokereketa, uchovu na pengine homa, hufikia kilele katika siku chache za mwanzo, kisha hupungua. Uvimbe wa sainasi mara nyingi huyafuata mafua hayo au mzio, kwa sababu utando uliovimba huziba vijitundu vinavyotoa uchafu ndani ya vishimo vile. Hapo kamasi huwa zito, huteremka nyuma ya koo, harufu hazisikiki vizuri, na mashavu au paji la uso hujaa na kuuma, wakati mwingine pamoja na meno ya juu.

Ipo hali nyingine ambayo watu wengi huichanganya na sainasi kwa miaka, nayo ni kipandauso. Maumivu yake huweza kukaa juu ya macho na mashavuni, tena huweza kuambatana na pua kutoa maji na macho kulia, hivyo mgonjwa huamini kabisa kwamba ni sainasi. Ikiwa maumivu yako hurudi mara kwa mara, hudumu kwa saa kadhaa hadi siku 3, hudunda, huleta kichefuchefu na kukufanya utafute chumba chenye giza, wala huna kamasi zito, mweleze daktari hivyo hivyo kwa maneno yako. Nasikitika kila ninapokutana na mtu aliyemeza antibiotiki mara kadhaa kwa ajili ya ugonjwa ambao hauna bakteria hata mmoja.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Hatua hii ndiyo inayowasaidia wengi, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya kuandika tarehe ambayo dalili zilianza. Maambukizi mengi ya pua na sainasi husababishwa na virusi, na ni sehemu ndogo sana, takriban asilimia 0.5 hadi 2 kwa watu wazima, inayogeuka kuwa maambukizi ya bakteria. Siku mbili za mwanzo daktari mwenyewe hawezi kuyatofautisha kwa uhakika kwa kukutazama. Mwenendo wa ugonjwa kadiri siku zinavyopita ndio unaoonyesha tofauti, na wewe unayeishi nao ndiye unayeuona.

Mienendo mitatu inakutaka umwone daktari. Wa kwanza ni dalili zinazofikisha siku 10 bila kuonyesha nafuu yoyote. Angalia maneno hayo, bila nafuu yoyote, kwa kuwa kikohozi chepesi au kamasi kidogo linalopungua siku hadi siku linaweza kuendelea baada ya siku ya 10 bila kuwa tatizo. Wa pili ni ugonjwa unaorudi nyuma: ulianza kupata nafuu, pengine siku ya 5 au ya 6 ukajiona umepona, kisha homa, maumivu ya uso au kamasi vikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwenendo huu huwapita watu wengi kwa sababu hudhani wamepata mafua mapya. Wa tatu ni ugonjwa unaoanza kwa ukali, yaani joto la nyuzi 39 au zaidi pamoja na kamasi la usaha au maumivu ya uso, vikidumu kwa siku 3 hadi 4 mfululizo tangu mwanzo.

Rangi ya kamasi haimo katika mienendo hiyo, nami nimeiacha kwa makusudi. Rangi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na chembe hizo hufika palipo na virusi kama zinavyofika palipo na bakteria. Kamasi la kijani siku ya 4 ya mafua ni jambo la kawaida.

Upo pia muda mrefu zaidi wa kuhesabu. Dalili za sainasi zinazoendelea kwa wiki 12 au zaidi, au maambukizi ya sainasi yanayojirudia mara 4 au zaidi kwa mwaka, yanahitaji uchunguzi wa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye anaweza kuingiza kamera nyembamba puani ili kuona kama kuna vinyama laini, ukuta wa pua uliopinda au kitu kingine kinachoziba njia. Mwenye vinyama vya pua pamoja na pumu amweleze daktari kama aspirini au dawa nyingine za kutuliza maumivu za kundi lake, kama ibuprofeni, ziliwahi kumbana kifua, na asizitumie tena mpaka apate ushauri.

Hatua ya 4: Usipuuze kinachotokea upande mmoja tu

Mafua na mzio kwa kawaida hugusa pande zote mbili za pua, hata kama kuziba huhama kutoka upande huu kwenda ule. Tundu moja linapobaki limeziba kwa wiki kadhaa, hasa likitoa kamasi lenye damu, au shavu la upande huo likianza kufa ganzi, ni lazima lichunguzwe ili kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe unaokua. Kamasi lenye harufu mbaya kwa mtu mzima, upande mmoja, mara nyingine hutoka kwenye jino, kwa kuwa mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na sainasi ya shavu. Huyo anahitaji daktari wa meno pia. Kwa mtoto mdogo, harufu mbaya kutoka tundu moja huashiria kwamba ameingiza kitu puani. Ikiwa kitu hicho ni betri ndogo ya mviringo, au hata ukishuku tu kuwa ni betri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, maana huanza kuunguza nyama za pua katika muda wa saa chache na inaweza kutoboa ukuta unaotenganisha matundu.

Maji maangavu yasiyo na rangi yanayodondoka kutoka tundu moja mtu anapoinama, yenye ladha ya chumvi, hasa baada ya kuumia kichwa au kufanyiwa upasuaji wa pua, yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Hayo nayo hayangoji.

Hatua ya 5: Zingatia hali yako ya kiafya

Siku zilizotajwa katika hatua ya tatu zinamhusu mtu ambaye kinga yake ya mwili ni nzuri. Anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, anayeishi na virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa, au anayetumia dawa za kupunguza kinga anatakiwa kumwona daktari mapema, bila kungoja siku 10. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa awe macho zaidi, kwa sababu kuna kuvu inayoweza kushambulia sainasi na kusambaa kwa kasi. Uso unaouma au kufa ganzi upande mmoja, jicho linalovimba na doa jeusi ndani ya pua au kwenye kaakaa ni dalili zake. Mjamzito aulize kabla ya kutumia dawa yoyote ya pua.

Hatua ya 6: Jihudumie kwa uangalifu unapofuatilia hali yako

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni msaada mzuri na wa gharama ndogo, ila maji yenyewe lazima yawe salama. Chemsha maji yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ikiwa unaishi mahali palipo juu ya mita 2,000, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Usitumie maji ya bomba au ya kisima bila kuyachemsha, kwa sababu kuna amiba inayoingia kwa njia ya pua na kushambulia ubongo. Hutokea kwa nadra sana, lakini karibu wote wanaoipata hufariki. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto (iodini) katika kikombe cha mililita 240. Inama juu ya karai, elekeza kichwa upande mmoja, pumua kwa mdomo na umimine taratibu kwenye tundu la juu, ukiyaacha maji yatokee tundu la chini. Osha chombo na ukikaushe kila unapomaliza.

Dawa za steroidi za kunyunyiza puani ndizo zenye nguvu zaidi kwa mzio unaoendelea, na watu wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi. Zinahitaji kutumiwa kila siku, na nafuu kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati, ambao huumia na kutoa damu. Usivute kwa nguvu. Dawa inayofika kooni haitibu pua.

Matone ya kuzibua pua yenye oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua ndani ya dakika chache, na urahisi huo ndio unaowaponza watu. Yakitumiwa zaidi ya siku 3 hadi 5, utando huvimba upya kila dawa inapoisha nguvu, na mgonjwa hubaki akiyategemea kwa miezi. Ikiwa umefika hapo, mwone daktari akusaidie kuyaacha. Si aibu, na hutibika. Vidonge vya kuzibua pua havimfai mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa. Dawa za mzio za zamani, kama klorofeniramini, huleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari wala mashine baada ya kuzimeza. Setirizini na loratadini hazisinzishi sana kama hizo.

Hatua ya 7: Usikubali mzio kuwa maisha yako

Watu wengi wenye mzio hawaendi kwa daktari kwa sababu hakuna siku moja iliyo mbaya vya kutosha. Tumia kipimo kingine: je, unalala vizuri, unafanya kazi au kusoma bila kukatizwa, na je, mtoto analala mdomo ukiwa wazi na kusinzia darasani? Ikiwa dalili huja siku 4 au zaidi kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 4 mfululizo, na zinaharibu usingizi au kazi, unastahili tiba ya mpangilio. Kikohozi cha usiku, kifua kinachobana unapokimbia au mlio wa filimbi unapotoa pumzi vinaonyesha kwamba huenda pumu ipo pamoja na mzio. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na pua isiyotibiwa huifanya pumu iwe ngumu kudhibiti. Vipimo vya ngozi au vya damu vinaweza kuonyesha kinachoudhuru mwili wako, na wapo wanaonufaika na tiba ya kuuzoesha mwili kidogo kidogo, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5.

Hatua ya 8: Mweleze daktari mwenendo wa ugonjwa

Unapofika kwa daktari, usianze kwa kumwambia kwamba una sainasi. Mweleze tarehe dalili zilipoanza, siku uliyopata nafuu na siku zilipozidi, kiwango cha joto ulichopima, upande unaouma, dawa zote ulizotumia pamoja na matone, na dawa zilizowahi kukuletea mzio. Kwa sainasi isiyo na matatizo kwa kawaida picha ya eksirei haihitajiki, hivyo usihisi umepuuzwa usipopigwa.

Daktari akiona dalili za bakteria anaweza kukupa antibiotiki, au akapendekeza usubiri siku chache zaidi huku akikufuatilia. Njia zote mbili ni sahihi kwa mgonjwa asiye na dalili za hatari. Ukipewa antibiotiki, zitumie kwa muda ulioelekezwa na usimgawie mwingine. Muulize waziwazi ni siku gani utegemee nafuu na ni dalili zipi zikurudishe kwake, na uandike majibu yake. Hali ikizidi kuwa mbaya baada ya saa 48 hadi 72 za dawa, au ukifika siku ya 5 bila nafuu yoyote, rudi bila kungoja dozi iishe, na dalili za jicho, shingo au kupumua zilizotajwa katika hatua ya kwanza zikitokea wakati wowote, nenda moja kwa moja kwenye huduma ya dharura.